Kifaa Kinapobadilika, Daftari Hujuaje? Tahadhari za Vifaa katika Mtandao wa Huduma za Afya

Mnamo Machi 1869, daktari na mmisionari David Livingstone aliwasili Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa na ugonjwa wa mapafu uliomlazimu kubebwa kwa machela sehemu ya safari. Alitarajia kukuta mzigo aliotumiwa kutoka pwani, zikiwemo dawa. Alichokikuta ni mabaki ya mzigo uliokwisha kuporwa. Dawa zenyewe zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, mwendo wa siku 13 kuelekea mashariki. Katika hesabu za waliozituma, dawa hizo zilikuwa njiani kwenda kwa mgonjwa. Katika hali halisi zilikuwa zimelala ghalani, na hapakuwa na njia ya haraka ya kuwaarifu watumaji, wala mgonjwa mwenyewe, kwamba mambo yamebadilika.

Tatizo hilo halikuisha pamoja na misafara. Kila hospitali na kila zahanati ina daftari linaloeleza vifaa ilivyonavyo, na kila siku kifaa fulani huharibika, huhamishwa au hubadilishwa. Kati ya saa ya badiliko na saa ya kuliandika, daftari husema jambo lisilo la kweli. Muda huo ukiwa mfupi, madhara huwa madogo. Ukiwa mrefu, majibu ya maabara yanaweza kukwama na chanjo inaweza kuharibika pasipo mtu kujua. Makala haya yanaeleza jinsi programu za kusimamia mitandao zinavyotumia tahadhari zinazotumwa na vifaa vyenyewe ili kufupisha muda huo, mahali ambapo tahadhari hizo hushindwa, na wajibu unaobaki mikononi mwa mhudumu wa afya.

Mtandao wa hospitali na daftari lake

Hospitali ya leo ina vifaa vingi vinavyowasiliana: kompyuta za mapokezi, printa za famasi, mashine za kupima damu katika maabara, na seva inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa. Kati yake kuna vifaa ambavyo mgonjwa havioni na mhudumu huvisahau mpaka viharibike. Cha kwanza ni swichi ya mtandao, kisanduku chenye matundu ya kuchomeka kebo, ambacho hupokea ujumbe kutoka tundu moja na kuupeleka katika tundu linalostahili. Cha pili ni ruta, inayounganisha mtandao wa ndani ya hospitali na mitandao ya nje.

Mkoani Tabora, huduma za afya zimepangwa kama kwingineko nchini: zahanati vijijini, vituo vya afya katika kata, hospitali za wilaya, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora. Umbali ni mkubwa, na vijiji vingi vimetengwa na misitu ya miombo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umekwisha kufika mjini Tabora, na hospitali za umma nchini hutumia mifumo ya kielektroniki kama GoT-HoMIS katika kusajili wagonjwa, kuagiza vipimo na kurejesha majibu. Daktari akiagiza kipimo akiwa wodini, agizo hupita katika swichi moja au mbili kabla ya kufika maabara, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Swichi ikifa, agizo halifiki.

Programu ya kusimamia mtandao huendeshwa katika kompyuta moja, mara nyingi chini ya uangalizi wa afisa TEHAMA. Kazi yake ya msingi ni kutunza daftari hai la vifaa vyote. Kwa kila kifaa huandika jina, mahali kilipo, anwani yake katika mtandao, aina yake, namba ya utambulisho iliyotolewa kiwandani, toleo la programu inayokiendesha, na tundu lipi limeunganishwa na kifaa kipi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kwa tiba, kwa kuwa inaonyesha nani anamtegemea nani. Programu inayojua kwamba mashine ya maabara inapita katika swichi fulani inaweza kusema, pale swichi hiyo inapozimika, kwamba majibu ya damu hayatafika wodini.

Raundi ya daktari na mwito wa mgonjwa

Programu hii ina njia mbili za kujua hali ya vifaa, na kila aliyewahi kufanya kazi wodini anazifahamu zote mbili.

Njia ya kwanza ni raundi. Daktari hupita kitanda kwa kitanda, humuuliza kila mgonjwa hali yake na kuandika. Vivyo hivyo programu hupita kifaa kwa kifaa na kuuliza: upo? Swali hilo jepesi huweza kurudiwa kila baada ya dakika chache. Lakini uchunguzi wa kina, wa kuuliza namba ya kiwandani, toleo la programu na orodha ya kila kilichochomekwa, huchukua muda na hulemea njia ya mawasiliano. Kwa sababu hiyo mara nyingi hupangwa kufanyika mara moja kwa siku, usiku wa manane, wakati watumiaji ni wachache. Matokeo yake ni kwamba kifaa kilichobadilishwa saa tatu asubuhi kinaweza kubaki nje ya daftari hadi usiku unaofuata.

Njia ya pili ni mwito wa mgonjwa. Mgonjwa anayebanwa na pumzi usiku hasubiri raundi ya asubuhi, humwita muuguzi. Kifaa cha mtandao nacho kimepewa uwezo wa kuita. Jambo likitokea, hutuma ujumbe mfupi kwa programu bila kuulizwa. Ujumbe huo ndio unaoitwa hapa tahadhari.

Muuguzi mwenye uzoefu hamchomi mgonjwa sindano kwa sababu tu ameitwa. Kwanza huenda kitandani, hupima joto, mapigo ya moyo na upumuaji, kisha ndipo huamua. Mwito umemwambia aende wapi na aende sasa. Haujamwambia ugonjwa ni upi. Programu nzuri ya kusimamia mtandao hufanya hivyohivyo. Tahadhari huipa anwani na haraka, na ukweli wenyewe hutafutwa kwa kukiuliza kifaa.

Wenyeji wa Unyanyembe walilijua hilo zamani. Msafara kutoka Bagamoyo ulipokaribia mji, ulipiga ngoma na kufyatua bunduki kutangaza kuwasili kwake. Mlio ulitosha kuwatoa watu majumbani, lakini haukueleza ni mizigo mingapi iliyofika na mingapi iliyopotea njiani. Hilo lilihitaji mizigo itue chini na ihesabiwe.

Tahadhari husema nini

Vifaa vingi vya mtandao hutumia lugha moja ya pamoja inayojulikana kwa kifupi kama SNMP, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1988 na ingali inatumika hadi leo. Ndani ya kila kifaa huwamo programu ndogo iitwayo wakala. Wakala hujibu maswali ya programu kuu wakati wa raundi, na huyo ndiye anayetuma tahadhari jambo linapotokea.

Tahadhari za msingi ni chache na maana zake ni nyepesi. Mojawapo husema kwamba tundu fulani limepoteza mawasiliano, yaani kebo imechomolewa, imekatika, au kilichokuwa upande wa pili kimezimika. Nyingine husema tundu hilo limepata mawasiliano tena. Ipo inayosema kwamba mtu amejaribu kukiuliza kifaa maswali kwa kutumia neno la siri lisilo sahihi.

Mbili zinahusu kuwaka upya, na tofauti yake inafaa kueleweka. Ya kwanza husema kwamba kifaa kimeanza upya na huenda mipangilio yake imebadilika. Ya pili husema kwamba kifaa kimeanza upya lakini mipangilio imebaki ilivyokuwa. Ya kwanza ni kama mgonjwa aliyerudi wodini baada ya upasuaji: jina ni lilelile, lakini ni lazima apimwe upya kabla ya kuendelea kuyaamini maandishi ya jana. Programu ikipokea tahadhari hiyo, inapaswa kuchukulia kwamba yote yaliyoandikwa juu ya kifaa hicho yanahitaji kuhakikiwa.

Zaidi ya hizo, watengenezaji huongeza tahadhari zao wenyewe: kipande fulani kimechomekwa au kimetolewa, umeme wa akiba umeanza kutumika, feni imesimama, mipangilio imehaririwa. Kwa daftari la vifaa, habari ya kipande kilichochomekwa au kutolewa ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu inasema wazi kwamba umbo la kifaa limebadilika.

Kutoka tahadhari hadi ugunduzi

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila hatua yake ni ya kawaida.

Usiku wa Novemba, mvua za kwanza zimeanza kunyesha mkoani Tabora. Radi inapiga karibu na jengo la maabara la hospitali ya wilaya na swichi ya jengo hilo inaungua. Kifaa kilichokufa hakiwezi kutangaza kifo chake; jirani yake ndiye hutoa habari. Swichi kuu iliyo katika jengo la utawala inaona kwamba tundu lake la 12 limekuwa kimya, nayo inatuma tahadhari.

Asubuhi, fundi anatoa swichi ya akiba stoo, anaiwekea anwani ileile ya swichi iliyoungua ili kazi isisimame, kisha anachomeka kebo. Kwa kuwa matundu hayakupangwa sawa na ya zamani, mashine ya kupima damu iliyokuwa tundu la 3 sasa iko tundu la 7. Swichi kuu inatuma tahadhari kwamba tundu la 12 limepata mawasiliano. Sekunde chache baadaye, swichi mpya nayo inatuma tahadhari ya kuanza upya.

Programu dhaifu ingeishia hapo. Anwani ni ileile, taa imerudi kuwa ya kijani, na daftari lingeendelea kudai kwamba swichi ya zamani ipo na mashine ya damu iko tundu la 3. Programu nzuri husoma tahadhari ya kuanza upya kama agizo la kwenda kitandani kwa mgonjwa. Kwanza inatazama ujumbe umetoka anwani ipi na kama anwani hiyo imo daftarini. Pili, inasubiri kidogo, kwa kuwa kifaa kinachowaka huhitaji muda kabla ya kujibu maswali. Tatu, inakiuliza: jina lako nani, wewe ni wa aina gani, namba yako ya kiwandani ni ipi, una matundu mangapi, na katika kila tundu kuna nani? Nne, inalinganisha majibu na daftari.

Hapo ndipo badiliko linapogunduliwa. Anwani inafanana, lakini namba ya kiwandani ni tofauti. Programu inaandika kwamba swichi ya zamani imeondolewa na mpya imechukua nafasi yake, inarekodi tarehe na saa, inaihamishia mashine ya damu katika tundu la 7, na kumwarifu afisa TEHAMA athibitishe. Kazi ambayo ingesubiri uchunguzi wa usiku imekamilika kwa dakika chache. Pia haikuwa lazima kukagua hospitali nzima; kifaa kilichoita ndicho peke yake kilichochunguzwa.

Umuhimu wa jambo hili huonekana siku ya pili. Mtoto mwenye malaria kali analetwa akiwa amepauka, na daktari anahitaji kiwango cha hemoglobini kabla ya kuamua kuhusu kuongezewa damu. Jibu halionekani katika kompyuta ya wodi. Afisa TEHAMA akiwa na daftari sahihi, anajua mara moja aangalie tundu la 7 la swichi mpya, na pengine atagundua kwamba tundu hilo halikupewa mipangilio ya maabara. Akiwa na daftari la zamani, atahangaika na tundu la 3 ambalo halina kitu, huku jibu limekaa ndani ya mashine mita 100 kutoka kitandani kwa mtoto. Katika hali kama hiyo mhudumu asisubiri mtandao: aende maabara kwa miguu, au apige simu, na jibu liandikwe kwa mkono katika faili. Mtandao upo kuharakisha tiba, na haupaswi kuwa sababu ya kuichelewesha.

Pale tahadhari inaposhindwa

Tahadhari ina udhaifu wa aina nne, na kila mmoja una tiba yake.

Udhaifu wa kwanza ni kupotea. Tahadhari nyingi hutumwa kama barua isiyodai stakabadhi: mtumaji huituma mara moja na haulizi kama imefika. Njia ikiwa imesongamana au imekatika, ujumbe hupotea na hakuna anayejua. Matoleo ya baadaye ya SNMP yaliongeza aina ya ujumbe ambao mpokeaji lazima aukiri, na usipokiriwa hurudiwa. Hata hivyo, tiba ya uhakika ni kutoacha raundi. Uchunguzi wa kila usiku hukamata kile ambacho mchana hakikusikika.

Wa pili ni ukimya. Kifaa kipya ambacho hakijaelekezwa kitume tahadhari wapi, hakitasema neno. Kifaa cha namna hiyo ni kama mgonjwa asiyeweza kuongea. Huonekana kwa raundi tu, au kupitia jirani yake, pale swichi inapoona mgeni amechomekwa katika tundu lililokuwa tupu.

Wa tatu ni kelele. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa saa moja, kila kifaa kitatangaza kuzimika na kuwaka mara tano, na skrini ya afisa TEHAMA itajaa mamia ya jumbe zinazoeleza tukio moja. Wahudumu wa wodi za uangalizi maalumu wanaufahamu ugonjwa huu: mashine zikilia mchana kutwa bila sababu, masikio huzoea, na siku kengele inapokuwa ya kweli hakuna anayeinuka. Programu nzuri hukusanya tahadhari zinazofanana na kuzihesabu kama moja, husubiri hali itulie kabla ya kuanza uchunguzi, na hutafuta chanzo kimoja cha dalili nyingi. Ruta ikizimika, vifaa 40 vilivyo nyuma yake havionekani, lakini kilichoharibika ni kimoja.

Wa nne ni uongo. Katika matoleo ya awali ya SNMP neno la siri lilisafiri wazi, na mtu mwenye nia mbaya angeweza kulisoma na kutuma tahadhari kwa jina la kifaa kingine. Toleo la tatu, lililokamilika kuwa kiwango rasmi mwaka 2002, lina uthibitisho wa mtumaji na usimbaji wa ujumbe. Hospitali inayonunua vifaa vipya inafaa kuhakikisha vinatumia toleo hilo, na maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani yabadilishwe siku ya kwanza.

Jokofu la chanjo hufuata kanuni hiyohiyo

Zahanati nyingi hazina swichi wala seva, lakini zina jokofu la chanjo, na kanuni zilizoelezwa zinatawala huko pia. Chanjo za kawaida za watoto hutunzwa katika nyuzi joto kati ya 2 na 8 za Selsiasi. Mhudumu husoma joto la jokofu asubuhi na jioni, siku saba za wiki, na kuliandika katika karatasi ya kumbukumbu. Hiyo ni raundi. Ndani ya jokofu huweza kuwapo kifaa cha kurekodi joto mfululizo. Vifaa vinavyokidhi vigezo vya Shirika la Afya Duniani hutoa tahadhari joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60. Huo ni mwito. Baadhi ya vifaa hivyo huonyesha tahadhari katika kioo chake tu. Vingine hutuma ujumbe wa simu kwa mhudumu na kwa mratibu wa chanjo wa wilaya.

Muda huo wa saa 10 na ule wa dakika 60 havilingani kwa sababu ya msingi. Chanjo nyingi huvumilia joto la wastani kwa saa kadhaa, lakini chanjo kama pentavalenti na ile ya homa ya ini aina ya B huharibiwa na kuganda. Kuganda ni adui wa kimya. Kibandiko cha joto kilicho juu ya chupa hupima joto kali pekee na hakiwezi kuonyesha kwamba chupa iliwahi kuganda.

Sasa fikiria jokofu limeharibika na wilaya imeleta jingine. Kifaa cha kurekodi joto kinaweza kuachwa ndani ya jokofu bovu lililosukumwa pembeni, huku mfumo wa wilaya ukiendelea kusoma joto la kabati tupu kwa jina la zahanati hiyo. Mratibu ataona tahadhari za joto kali na kudhani chanjo zimeharibika, ilhali chanjo ziko salama katika jokofu jipya. Kinyume chake ni hatari zaidi: jokofu jipya halina kifaa cha kupimia, linagandisha kupita kiasi, na mfumo hauna habari. Kwa hiyo jokofu linapobadilishwa, mambo matatu huandikwa siku hiyohiyo: namba ya jokofu lililoondoka, namba ya lililoingia, na namba ya kifaa cha kurekodi kilichomo. Chanjo zisiingizwe mpaka joto la jokofu jipya lithibitishwe kutulia kati ya nyuzi 2 na 8.

Wajibu wa mhudumu

Mashine husaidia, lakini anayechomoa kebo na kusogeza jokofu ni binadamu. Wahudumu wanaweza kufanya yafuatayo bila gharama.

Kifaa chochote chenye kebo ya mtandao kisihamishwe bila kumwarifu afisa TEHAMA, na kifaa tiba kisibadilishwe bila fundi sanifu vifaa tiba kupata namba zake. Kila kifaa kiwe na kibandiko chenye jina linalofanana na lile la daftarini; jina kama "kompyuta ya Mama Mkubwa" linaeleweka kwa walio kazini leo, lakini haliwezi kumsaidia mgeni wa mwakani.

Saa iandikwe kwa uangalifu. Mashine huandika 08:10 ikimaanisha saa mbili na dakika kumi asubuhi, na mhudumu akiripoti "saa nane na dakika kumi" bila kusema mchana au usiku, uchunguzi wa tukio unaweza kupotoka kwa saa sita. Inafaa kutaja saa na kipindi cha siku, na saa za vifaa vyenyewe zihakikiwe.

Tahadhari ikitolewa, iandikwe ilitokea lini, nani aliifuatilia, alikuta nini na alifanya nini. Tahadhari iliyozimwa bila kufuatiliwa ni hatari kuliko kutokuwa na tahadhari, kwa sababu huacha alama kwamba jambo limeshughulikiwa. Pia mtu mmoja atajwe kwa jina katika kila zamu kuwa mpokeaji. Ujumbe unaotumwa kwa watu wote mara nyingi haufuatiliwi na mtu yeyote.

Kwa mgonjwa na mzazi

Wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama mfumo unaofuatilia vifaa unasoma pia siri zao. Tahadhari za vifaa zilizoelezwa hapa hubeba hali ya kifaa: tundu, joto, umeme, namba ya kiwandani. Hazibebi jina la mgonjwa wala jibu la kipimo chake. Kumbukumbu za matibabu hukaa katika mfumo mwingine wenye ulinzi wake.

Mgonjwa akiambiwa kwamba mtandao haufanyi kazi, anaweza kuuliza kwa upole kama jibu lake linaweza kutolewa kwa maandishi kutoka maabara. Mzazi anayempeleka mtoto kliniki anaweza kuomba kuonyeshwa kibandiko cha joto juu ya chupa ya chanjo zenye kibandiko hicho. Ndani ya duara kuna mraba mdogo. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo haijapata joto la kupita kiasi. Ukiwa na rangi sawa na duara au iliyokolea zaidi, chanjo hiyo haitumiki. Mhudumu anayejiamini hataudhika kwa swali hilo.

Livingstone aliwasili Ujiji akiamini kwamba dawa zinamsubiri. Waliozituma walifanya kazi yao, na maandishi yao yalikuwa sahihi siku walipoyaandika. Kilichokosekana ni habari ya badiliko, na mtu wa kwenda kuhakiki habari hiyo ghalani Unyanyembe. Leo swichi inaweza kuita kwa sekunde moja kutoka Kaliua au Sikonge, na jokofu linaweza kutuma ujumbe usiku wa manane. Mwito huo humfaa mgonjwa pale tu anapokuwapo mtu wa kuinuka, kwenda kutazama, na kuandika alichokiona.